Bibi Salme na Theluthi ya Mali Yangu

Msomaji mpenzi, tumezoea katika ukurasa huu kuanzia Pwani na kumalizia Pwani. Leo niwie radhi, kwani habari yangu inaanzia bara, mahali paitwapo Malili, katika nchi ya Wakamba wa Makueni, kando ya barabara kuu itokayo Mombasa kwenda Nairobi. Wasafiri wengi hupapita Malili wakiwa wamesinzia ndani ya basi. Ni nchi tambarare yenye majani makavu na upepo usiochoka, na malori hunguruma usiku kucha. Huko ndiko serikali ilikotwaa ekari 5,000 za iliyokuwa ranchi ya Malili ili ujengwe mji wa teknolojia wa Konza, na mwezi wa Januari 2013 Rais Mwai Kibaki akauzindua. Tangu uvumi wa mji huo uanze, kila mwenye akiba kidogo, wa bara na wa pwani, alitamani kipande cha ardhi jirani nao.

Na mimi sikubaki nyuma. Nilinunua kiwanja cha futi 50 kwa 100, nikaweka nguzo za mipaka, nikarudi zangu Mombasa. Aliyekwenda kukikalia ni kijana wangu. Nasema kijana wangu, lakini si damu yangu. Mama yake alikuwa fundi wa kushona, Mkamba, aliyepanga chumba jirani na nyumba yetu katika Mji wa Kale. Alipofariki alimwacha mtoto wa miaka minne. Bibi wa mtoto akaja kutoka Makueni kumzika binti yake, akamtazama mjukuu, akautazama na umri wake mwenyewe, akatuomba tumlelee mpaka apate nguvu. Sharti lake lilikuwa moja, kwamba mtoto asigeuzwe dini, aachwe akue ajichagulie mwenyewe. Tukakubali. Yule bibi hakupata nguvu tena, na mtoto akawa wetu. Alikua pamoja na wanangu watatu, akaamka nasi kula daku ingawa hafungi, na kila Jumapili mke wangu ndiye aliyempigia pasi shati la kwendea kanisani. Alipobaleghe alichagua dini ya mama yake. Hajaacha hata siku moja kuniita Baba.

Kazi yake ni uashi. Huko Malili amewajengea watu wengi nyumba za mawe, naye mwenyewe hulala katika kibanda cha mabati juu ya kiwanja changu. Mwaka huu, baada ya Idi Kubwa, nilikwenda kumtazama. Akanionyesha tangi la maji alilolichimba kwa mikono yake, na miembe sita aliyoipanda na kuimwagilia maji ya kununua. Usiku, baada ya kula, akaniuliza jambo moja kwa haya, macho yake chini. Alitaka kujua kama ajenge nyumba ya mawe pale, au aendelee na mabati.

Ndugu msomaji, swali lilikuwa la uashi, lakini nililifahamu. Mtu hajengi kwa mawe juu ya ardhi ambayo kesho anaweza kuambiwa aihame. Mimi ni mtu wa miaka zaidi ya hamsini, na sukari imekwisha nibisha hodi. Nikifa kesho, kijana huyu si mrithi wangu kwa damu, na hata angekuwa wa damu, dini zetu ni mbili. Nilijikohoza, nikamwambia tutazungumza asubuhi. Akaenda kulala.

Mimi sikupata usingizi. Katika mkoba nilikuwa na kitabu cha maisha ya Bibi Salme binti Said, kwani mhariri alikuwa ameniagiza niandike habari zake kwa ajili ya ukurasa huu. Nikawasha taa nikakifungua, nikidhani kwamba nimeyakimbia ya kiwanja. Kumbe nimeyafuata.

Bibi Salme alizaliwa tarehe 30 Agosti 1844 katika jumba la Mtoni, kaskazini ya mji wa Unguja. Baba yake alikuwa Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Unguja, yule aliyehamishia makao yake Unguja na kuifanya nchi ya karafuu. Mama yake alikuwa Jilfidan, Mcherkesi, aliyetekwa angali mtoto mdogo katika vita vya nchi yake, akauzwa, na mwisho akaingia katika nyumba ya Seyyid akawa suria. Tusilipite jambo hili haraka. Jumba lile lenye mabwawa ya kuogea na tausi uwanjani lilisimama juu ya mabega ya watumwa, na mama wa binti mfalme mwenyewe alikuwa mtu aliyenunuliwa.

Lakini sheria ya Kiislamu ilikuwa na neno lake juu ya mtoto wa mama kama huyo. Suria hana fungu la mke katika mirathi, lakini mtoto wake ni mtoto kamili. Hupata sawasawa na watoto wengine wa baba yake, wa kiume mafungu mawili na wa kike fungu moja. Salme, binti wa mtekwa, alikuwa mrithi wa Seyyid Said kama alivyokuwa Majid, na kama alivyokuwa Barghash. Hilo likumbukwe, kwani hapo ndipo kisa chote kinaposimama.

Utoto wake ulikuwa wa furaha. Alihama Mtoni na mama yake kwenda kukaa na kaka yake Majid katika jumba la Beit el Watoro, na baadaye akahamia Beit el Tani. Alipanda farasi, akacheza na ndugu zake, akasomeshwa Kurani. Katika siku zile mabinti wa jumbani walifundishwa kusoma, lakini kuandika hawakufundishwa, kwani ilionekana kwamba kalamu mkononi mwa mwanamke haina heri. Salme hakuridhika. Alitwaa mfupa wa bega la ngamia, akautumia kama ubao, akawa ananakili kwa siri herufi za Msahafu mpaka mkono wake ukazowea. Sisi tuliosomea ubao chuoni, tukaufuta na kuuandika tena mpaka vidole vikawa vyeusi kwa wino, tunajua kazi aliyoifanya mtoto yule bila ya mwalimu wala bakora.

Mwaka 1856 Seyyid Said alikuwa akirudi kutoka Maskati kwa jahazi yake iitwayo Victoria. Hakufika. Alifariki baharini tarehe 19 Oktoba, karibu na visiwa vya Shelisheli. Barghash, aliyekuwa safarini pamoja naye, akauleta mwili wa baba yao Unguja na kuuzika usiku, kabla mji haujapata habari. Salme alikuwa na miaka kumi na miwili tu.

Hapo mali ikagawanywa. Watoto waliokuwa hai walikuwa zaidi ya thelathini, kila mmoja na fungu lake. Salme akahesabiwa kuwa mtu mzima, akapewa chake. Kwa upande huu mambo yalikwenda kwa utulivu, kwani Mola amekwisha kuyapanga mafungu na hakuna wa kubishana nayo. Palipochafuka ni katika utawala. Marehemu hakuacha neno lililo wazi la kuumaliza ubishi wa nani atashika nchi zile mbili. Thuwaini akawa na Maskati, Majid akawa na Unguja, na kila mmoja akamtazama mwenzake kwa jicho la shari. Mwisho wakaamuliwa na mtu wa mbali, Lord Canning, aliyekuwa akiitawala India kwa niaba ya Waingereza. Mwaka 1861 alihukumu kwamba nchi zitengane, na Majid amlipe Thuwaini riale 40,000 kila mwaka. Nyumba isiyokuwa na neno la mwenye nyumba, msomaji, huja kuamuliwa na mgeni.

Mwaka 1859 ulikuwa mbaya kwa Salme. Mama yake alikufa kwa kipindupindu, na mwaka huo huo Barghash akafanya njama ya kumpindua Majid. Dada yao Khole, aliyependwa na Salme kuliko wote, alikuwa upande wa Barghash, akamvuta mdogo wake. Na kwa kuwa Salme alijua kuandika, siri iliyoanzia kwenye mfupa wa ngamia, ndiye aliyefanywa karani wa njama. Barua za waasi zikatoka mkononi mwa msichana wa miaka kumi na mitano. Waingereza wakamsaidia Majid, njama ikavunjika, Barghash akapelekwa Bombay. Majid alikuwa mpole, hakumwadhibu dada yake. Baadaye wawili hao walipopatana, Khole na Barghash wakamwona Salme kuwa msaliti. Kinyongo hicho hakikutoka katika moyo wa Barghash mpaka siku ya kufa kwake.

Bibi Salme akaishi miaka kadhaa katika mashamba yake, kisha akarudi mjini. Jirani na nyumba yake aliishi mfanyabiashara kijana wa Kijerumani kutoka Hamburg, Rudolph Heinrich Ruete. Wakajuana, wakapendana, naye akachukua mimba. Hatari ya jambo hilo kwa binti Sultani msomaji anaifahamu bila ya mimi kuieleza. Mwezi wa Agosti 1866 alitoroka usiku kwa manowari ya Kiingereza iitwayo Highflyer, akafika Aden. Huko akajifungua mtoto wa kiume. Tarehe 30 Mei 1867, Ruete alipomfuata, akabatizwa kwa jina la Emily, akafunga ndoa siku hiyo hiyo, na wakaondoka kwenda Ulaya. Mtoto wao wa kwanza alifariki mwaka huo huo.

Sitaki kumhukumu. Yuko mbele ya Mwenye kuhukumu. Natazama tu kilichofuata. Mjini Hamburg alizaa watoto wengine watatu, wasichana wawili na mvulana. Mwezi wa Agosti 1870 mumewe alipatwa na ajali ya tramu akafa. Miezi miwili baadaye, huko Unguja, Majid naye akafariki. Kwa muda wa wiki chache Bibi Salme alipoteza mume aliyemfuata na kaka aliyekuwa na huruma naye. Barghash akakaa juu ya kiti cha enzi.

Tangu hapo maisha yake yakawa ya kuhama na kuhesabu senti. Akaenda Dresden, akaenda Rudolstadt, akaenda Berlin, akawa anafundisha lugha apate chakula cha watoto. Binti Seyyid Said, aliyekulia katika jumba lenye watumishi wasiohesabika, akawa anasimama katika baridi ya Ujerumani akisubiri wanafunzi. Naye alijua kwamba ndugu zake huko Unguja walikuwa wakifa mmoja baada ya mmoja. Majid mwaka 1870, Khole mwaka 1875, na wengineo, na kila alipokufa mmoja mali iligawanywa, na yeye akasahauliwa. Akaanza kudai.

Mwaka 1875 Barghash alikwenda London. Bibi Salme akavuka bahari kumfuata, asihi mbele ya kaka yake. Sir Bartle Frere akamzuia asimwone Sultani, akimpa ahadi kwamba serikali ya Kiingereza itawaangalia watoto wake. Ahadi hiyo haikutimizwa. Mwaka 1885 alirudi Unguja kwa mara ya kwanza baada ya miaka kumi na tisa, lakini alirudi pamoja na manowari za Kijerumani, wakati Bismarck akimshurutisha Barghash akubali Wajerumani wakae bara. Dai la dada likawa limechanganywa na mizinga ya wageni. Barghash akakataa hata kumwona. Mwaka 1886 Bibi Salme akachapisha kitabu cha maisha yake mjini Berlin, kwa Kijerumani. Mwezi wa Machi 1888 Barghash akafariki, na ndugu yao Khalifa akatawala. Salme akaenda tena Unguja mwaka huo huo, akijaribu bahati yake kwa mara ya mwisho. Akarudi mikono mitupu. Akaishi miaka mingi Beirut mpaka vita vya 1914 vilipokaribia, kisha akarudi Ujerumani. Alifariki Jena tarehe 29 Februari 1924, akiwa na miaka sabini na tisa. Majivu yake yamezikwa Hamburg kando ya mumewe, na husemwa kwamba pamoja nayo uliwekwa mfuko mdogo wa mchanga wa pwani ya Unguja, aliokuwa nao maisha yake yote.

Nilipofika hapo nilikifunga kitabu. Malori yalikuwa yakipita barabarani, na upande wa pili wa ukuta wa bati kijana wangu alikuwa akikoroma.

Madai ya Bibi Salme yote yalisimama juu ya mirathi. Alidai kwa kuwa yeye ni binti wa fulani na dada wa fulani. Na kwa upande wa mirathi, Barghash hakukosea. Mwislamu na asiyekuwa Mwislamu hawarithiani, na Waibadhi na Washafii wako pamoja katika hilo. Kadhi gani angelimpa? Tangu siku ya ubatizo wa Aden mlango ule ulikuwa umefungwa, wala hakuna manowari iwezayo kuufungua.

Lakini sheria yetu haina mlango mmoja. Ina mlango wa pili, mdogo, na ufunguo wake hukabidhiwa mwenye mali angali hai. Mlango huo ni wasiya. Mtu akifa, mali yake huondolewa mambo kwa utaratibu. Kwanza gharama za mazishi yake, kisha madeni yake, kisha wasiya wake usiozidi theluthi ya kilichosalia, na ndipo warithi wanapogawana kwa mafungu ya Mola. Theluthi hiyo haipelekwi kwa mrithi, maana mrithi amekwisha kupewa fungu, ila warithi wenzake wakiridhia. Imewekewa wale ambao mafungu hayawafikii, kama mtoto wa kulea, mjukuu aliyefiwa na baba yake kabla ya babu na ami zake wakamzuia, jirani mwema, msikiti, kisima. Na kwa wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafii, inajuzu kumuusia hata asiyekuwa Mwislamu anayeishi nasi kwa amani.

Fahamu basi, msomaji. Huyo Bibi Salme, ambaye mirathi haikuweza kumfikia hata chembe, wasiya ungeweza kumfikia. Ndugu yeyote aliyemhurumia, akiwa na kalamu na mashahidi wawili, angeliweza kumwachia shamba, au nyumba, au riale mia, bila ya kuvunja herufi moja ya sheria na bila ya kumnyang'anya mrithi haki yake. Miaka kumi na mitatu na zaidi bibi yule alihangaika na mabalozi, mawaziri na manowari, akitafuta kwa nguvu kitu ambacho kingeweza kuja kwa mistari mitatu ya mtu mwenye huruma. Aliyejifunza kuandika juu ya mfupa alihitaji mtu mmoja amwandikie.

Nikajiuliza mwenyewe, je, mimi ni bora kuliko hao? Niko na kijana wa dini nyingine aliyeniita Baba kwa miaka zaidi ya ishirini, na sijaandika hata neno.

Nikatafuta visingizio, na havikukosekana. Cha kwanza ni kile cha watu wetu wote, kwamba kuandika wasiya ni uchuro, ni kumwita Izraili kwa jina lake. Lakini tumefundishwa chuoni kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, aliona haimstahili Mwislamu mwenye kitu cha kuusia alale siku mbili bila ya wasiya wake kuandikwa. Basi uchuro uko wapi? Cha pili ni kwamba Mola amekwisha kugawa, na mimi ni nani nigawe tena. Hili nalo lina majibu yake katika kisa cha Sahaba Saad bin Abi Waqqas, aliyekuwa mgonjwa akataka kutoa mali yake nyingi sadaka. Mtume akamkataza thuluthi mbili, akamkataza nusu, akamruhusu theluthi, na hata hiyo akaiona ni nyingi. Aliyetupa mafungu ndiye aliyetuachia theluthi. Kuitumia si kumbishia.

Cha tatu ndicho kilichokuwa kizito, nami nakisema kwa aibu. Niliogopa nyuso za wanangu.

Niliporudi Mombasa nilikwenda kwa sheikh ninayemwamini, nikamweleza. Hakushangaa. Aliniuliza kwanza kuhusu madeni, nikamwambia sina. Akaniuliza mahari ya mke wangu nimeyalipa yote. Hapo nikanyamaza. Miaka thelathini iliyopita tuliandikiana nusu ya mahari taslimu na nusu ya baadaye, na hiyo ya baadaye imelala mpaka nimeisahau. Sheikh akanikumbusha kwamba hilo ni deni kama deni la dukani, na hulipwa kabla ya wasiya na kabla ya urithi. Waume wenzangu mnaosoma ukurasa huu, kila mtu na akahesabu lake.

Tukapiga hesabu. Nina nyumba katika Mji wa Kale, nina akiba kidogo, nina kiwanja cha Malili. Tukitoa deni la mke, thamani ya kiwanja haifiki theluthi ya kinachobaki. Kwa hivyo naweza kukiusia chote, wala hakuna atakayedhulumiwa. Mke wangu atabaki na thumni yake, na wanangu, wavulana wawili na msichana mmoja, watagawana kilichosalia kama inavyojulikana. Sheikh akanionya mambo mawili. La kwanza, wasiya unaweza kubadilishwa na mwenyewe mpaka siku ya kufa, kwa hivyo kijana atakuwa akijenga kwa amana ya ulimi wangu. Nikitaka kiwe chake leo, hiyo si wasiya bali ni hiba, na hiba ni lazima nimkabidhi kitu chenyewe. La pili, niandike, nishuhudishe, nimtaje wasii atakayesimamia. Tangu mabadiliko ya mwaka 1990 sheria ya urithi ya Kenya imewaacha Waislamu wafuate sheria ya dini yao, lakini mahakama ya Kadhi, kwa mujibu wa katiba ya 2010, husikiliza mambo ya Waislamu walioridhia kufika mbele yake. Mmoja wa wahusika akiwa si Mwislamu, shauri laweza kwenda mahakama nyingine mbele ya watu wasiotujua. Huko neno la mdomo litapata taabu. Karatasi yenye mashahidi ina nafuu.

Ijumaa moja baada ya sala niliwakusanya mke wangu na wanangu barazani, nikawaeleza. Mke wangu alisema kwamba jambo hili alikuwa akilingoja miaka mingi, na juu ya mahari akacheka mpaka akafuta machozi, kisha akanitaka nimwonyeshe fedha. Binti yangu alikubali mara moja. Mwanangu mkubwa hakusema kitu kwa muda mrefu. Alikuwa amekwisha kukipigia hesabu kiwanja kile, kwani bei za Malili anazijua. Sikumlaumu. Nilimkumbusha tu ni nani aliyekuwa akimbeba mgongoni kwenda chuoni alipovunjika mguu. Akaniuliza mipaka ya kiwanja inaanzia wapi na kuishia wapi, ili isije ikawa na utata mbele. Nikajua amekubali, ingawa si kwa furaha, na mimi sikumdai furaha.

Wasiya wangu nimeuandika kwa mkono wangu mwenyewe, karatasi moja na robo. Mashahidi wawili wametia saini zao, na nakala moja iko kwa sheikh. Jina la kijana limo, pamoja na nambari ya kiwanja, na miembe sita nimeitaja. Nimemlaza Bibi Salme katika dua zangu kwa namna ninayoijua mimi na Mola wangu, kwani ndiye aliyenikesha usiku ule wa Malili.

Kijana nimempigia simu. Nimemwambia ajenge kwa mawe.